Bitana ya Fundi Chaki

Fundi Chaki hakuwa na imani hata chembe na mizani ya zahanati. Kila alipopandishwa juu yake muuguzi aliandika namba, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mzee, umepungua tena." Naye alishuka taratibu kwa madaha yake yote, akashika kiuno cha suruali kwa vidole viwili, akamwonyesha.

"Binti yangu, tazama hapa. Suruali hii niliishona mwenyewe miaka saba iliyopita, na inanikaa kama siku ile ile. Ningekuwa nimepungua, si ingekuwa magotini saa hizi? Mwambieni mkubwa wenu anunue mizani nyingine."

Watu kwenye benchi walicheka. Muuguzi alicheka. Mkewe, Mama Pindo, alicheka kuliko wote, mpaka akalazimika kutoka nje kidogo. Huko alisimama nyuma ya tangi la maji akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akavuta pumzi mbili tatu, akarudi ndani kumchukua mumewe.

Maana suruali ilimkaa, ndiyo. Ilimkaa kwa sababu kila Alhamisi Mama Pindo alikuwa akiipunguza.

Sasa wewe unayesikia hivi usianze kumhukumu mama wa watu kabla hujajua ilivyokuwa. Wale wawili walikuwa wameshona pamoja miaka thelathini na minne, katika chumba kimoja cha mbele chenye meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi nzito. Chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, ndicho walicholala. Yeye alikata, mkewe akashona. Jina la Chaki alipewa kwa sababu kipande cha chaki kilikaa nyuma ya sikio lake hata alipokwenda kwenye harusi za watu. Na Mama Pindo aliitwa hivyo kwa kuwa mtaa mzima hakukuwa na wa kukunja pindo la suruali kama yeye. Walikuwa wakigombana kutwa. "Umekata mkono mmoja mrefu!" "Mteja ndiye ana mkono mmoja mrefu, mwite umwambie yeye!" Mchana wakala sahani moja. Mkasi wa Fundi Chaki ulikuwa mwiko kwa kila mtu, mkewe akiwemo, na mkewe alikuwa amekwisha kuuzoea mwiko huo kama mtu anavyozoea mlio wa mlango wa kwake.

Kisha tumbo la Fundi likaanza. Mwanzo tuliambiwa ni vidonda, baadaye tukaambiwa ni kitu kingine, na siku moja daktari akamwita mama peke yake kwenye korido. Alimwambia kwamba ugonjwa umeshatembea mwilini. Dawa zilizobaki ni za kutuliza tu. Akaongeza neno moja, na hilo ndilo Mama Pindo alilokwenda nalo nyumbani: "Asikate tamaa, mama. Wagonjwa wa namna hii wakishakata tamaa wanaacha kula, na wakiacha kula hawana siku nyingi."

Wiki ile ile suruali ikamteleza Fundi Chaki. Alikuwa ameinua mikono akiangika koti la mteja, suruali ikashuka mpaka mapajani. Aliishika, akasimama pale na kiuno mkononi. Siku mbili hakugusa chakula. Uji ukipelekwa, unarudi ulivyo na utando juu. Siku ya tatu mkewe alimwambia kifungo kimelegea, alete suruali akikaze. Akaipeleka nyuma ya nyumba, akafumua mshono wa makalioni na ile ya ubavuni, akaingiza ndani nusu inchi kila upande, akashona kwa mkono, akapiga pasi. Fundi alipoivaa alijishika kiuno, akatabasamu.

"Unaona? Kilikuwa kifungo tu."

Akala. Akala bakuli zima na akaomba kijiko kingine. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikishaanza haina pa kuishia. Alhamisi ndiyo siku ya ile dawa inayomlaza mchana kama gogo. Mama Pindo alikuwa akizikusanya nguo zote, suruali tatu, mashati matano, na koti, akakaa nazo kwenye kigoda uani. Hakuthubutu kutumia cherehani, kwa sababu mumewe angeamka kwa mlio wake hata angekuwa kaburini. Alishona kwa mkono. Vitundu vya sindano vya mshono wa zamani alivilowesha kwa kitambaa, akavisugua kwa ukucha, akavipiga pasi kwa ndani mpaka vikafumba. Kioo kirefu cha wateja alikipeleka kwa jirani yao msusi, akidai msumari wa ukutani umelegea na kitaangukia mtu. Msusi alimtazama usoni, akakipokea, hakuuliza.

Halafu baridi ikaja. Na mwaka ule ilikuja kwa hasira. Sisi wazima tulitembea tumejikunyata, mgonjwa je? Fundi Chaki alitetemeka jua likiwa juu. Blanketi moja halikumtosha, na mawili yalimlemea, akasema yanamkalia mbavuni kama mtu. Mkewe alimsugua miguu, akamwekea chupa ya maji ya moto, akamlalia ubavuni, lakini wapi.

Kulikuwa na mteja wao wa zamani, mpanda milima mmoja waliyempa jina la Ngazi kwa urefu wake. Aliposikia hali ya Fundi alipita na mfuko wa kulalia, ule wa kujiingiza mzima mzima ukafunga zipu mpaka kidevuni. Mwepesi kama pamba. "Nimelala humu juu ya barafu, mzee, nikatoka jasho," alisema. Wakashukuru sana. Tatizo lilikuwa ndani. Kitambaa cha ndani kilikuwa nailoni, kinateleza na cha baridi, na hakipati joto mpaka mwili wako ukipashe kwanza. Mwili wa Fundi Chaki haukuwa na joto la kumkopesha mtu. Alikaa humo saa nzima akatoka meno yakigongana.

Lakini alitoka na macho yanang'aa. Mkewe hakuwa ameyaona macho yale kwa miezi.

"Huu unataka bitana," alisema. "Kitambaa laini cha ndani, chenye manyoya kidogo. Flaneli. Nakata mimi mwenyewe."

"Wewe pumzika. Nitautandaza mfuko juu ya kitambaa, nikate kwa kuufuatisha, nishone, basi."

Alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Kuufuatisha mfuko? Mama Pindo! Tangu lini tukashonea mfuko? Tunamshonea mtu. Mfuko ni wa yeyote anayeingia. Bitana ni ya mwenyewe, ikiwa pana baridi inaingia, ikiwa nyembamba inakunyonga. Hebu nipe karatasi yangu pale msumarini."

Karatasi yenyewe ilikuwa ile ya kaki aliyojikatia mwaka aliojishonea suti. Vipimo vyake vyote vilikuwa pale kwa mwandiko wake wa kulala: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, bega, urefu. Mama Pindo aliishusha mikono ikiwa mizito. Mumewe aliitandaza magotini, akahesabu kwa midomo, akaongeza nafasi ya kugeuka, akasema, "Mita nne na nusu. Pungufu ya hapo tutaharibu."

Naye mkewe alikuwa amekwisha kuhesabu kichwani, kwa mwili alioujua yeye, mwili anaoupunguzia nguo kila wiki. Mita tatu zilitosha na kubaki. Angesema tatu, angeulizwa kwa nini.

"Nne na nusu," alijibu. "Sawa, Fundi."

Akamwomba msusi amchungulie mgonjwa, akatoka kutafuta.

Duka la kwanza lilikuwa lile kubwa la vitambaa lenye majora mpaka darini. Kijana wa kaunta alimtandazia flaneli ya kijivu, nzuri, Mungu wangu, unaiweka shavuni unataka kulia. Akauliza bei. Akaiachia kama aliyegusa pasi.

"Ya nje hiyo, mama," kijana alijitetea.

"Naona. Na bei nayo imekuja kwa ndege."

Bei ya mita moja pale ilikuwa dawa ya wiki nzima. Akaenda kwa muuza mapazia, akaonyeshwa mabaki ya mahameli, mazito, ya kumlemea mtu kuliko blanketi. Akaenda nyuma ya kiwanda cha mablanketi, ambako wanauza vipande vya kandokando kwa kilo. Vipande vilikuwa vya joto kweli, lakini vyembamba kama skafu. Muuzaji akamshauri aviunge.

"Nikiviunga hivi, mume wangu atalalia mishono badala ya kitambaa," alimjibu. "Ana mbavu za..." Alikuwa nusura aseme zilivyo. "Haidhuru. Asante, kaka."

Siku mbili zikapita hivyo, akirudi jioni mikono mitupu, na kila akirudi Fundi ameketi kitandani anauliza kabla hajavua viatu: "Umepata?" Alikuwa ameshanoa mkasi. Alikuwa anakula pia, ili apate nguvu za kukata. Mama Pindo aliona bakuli tupu, akajua kwamba hata kama ni kuomba barabarani kitambaa kitapatikana.

Siku ya tatu akaenda kwa Bei Moja. Huyu ni mwanamke mnene wa kuuza mitumba ambaye amejiita Bei Moja kwa sababu eti hapatani, na hakuna siku ameuza kitu bila kupatana. Chini ya rundo la makoti alikuwa na mashuka ya flaneli ya buluu yenye mistari. Yalikuwa yamechakaa katikati walipolala watu, lakini kandokando bado mazima, mazito, na manyoya yake yapo. Mama Pindo aliyanyoosha juani moja moja, akapima kwa mkono wake, kutoka puani mpaka ncha ya kidole. Akiruka penye uchakavu angehitaji mashuka matatu.

"Bei moja," alisema Bei Moja.

"Acha mchezo wako. Nataka matatu, nipunguzie."

"Ya nini yote hayo?"

"Bitana ya mfuko wa kulalia. Ya mume wangu."

"Yule Fundi?" Bei Moja akashusha sauti, akamsogelea. "Dada yangu, mimi nilipita dirishani kwenu juzi, nikamwona amekaa. Chukua moja tu. Sikuuzii matatu, nitakuwa nakuibia. Kwa alivyo sasa, moja linamtosha na kitambaa kinabaki."

Hakuwa na ubaya, maskini. Alikuwa anamwonea huruma. Lakini Mama Pindo damu ilimchemka mpaka masikio yakamwuma.

"Alivyo sasa yukoje?" alipaza sauti. "Sema! Yukoje?"

Wanunuzi wakageuka.

"Mume wangu ni mwanamume mzima! Kifua chake inchi arobaini na mbili! Nani amekwambia unajua kupima watu kupitia dirishani? Nipe matatu!"

"Haya, dada. Haya. Matatu."

Hasira ikamwisha kama maji kwenye ndoo iliyopasuka, akaketi juu ya robota lisilofunguliwa, akalia. Alilia mbele za watu, na kamasi, bila kujificha, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amesema kwa sauti jambo ambalo yeye alilishonea ndani miezi mitano. Bei Moja alisimama mbele yake, akautandaza ule mwili wake mpana ili watu wasione, akaanza kuwafokea wateja waliosimama kutazama wanunue au waondoke.

Fedha alizokuwa nazo zilitosha shuka moja na nusu. Palikuwa na majaketi manane yaliyokosa wanunuzi kwa sababu ya zipu mbovu. Wakakubaliana azitengeneze. Asubuhi mbili Mama Pindo alikaa pale sokoni vidole vikimganda, akibandua zipu na kushona nyingine, na asubuhi ya pili akaondoka na mashuka yake matatu kichwani. Aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi. Alipoyaingiza ndani Fundi Chaki aliyanusa, akayasugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ndiyo flaneli. Siku hizi hawatengenezi tena. Umeitoa wapi?"

"Nimeitafuta," alisema Mama Pindo.

Siku ya kukata alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe na suruali ya kijivu, akaweka chaki nyuma ya sikio, akatembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka mezani, akishika ukuta. Kisha mkasi ukaingia mkononi, na nakuapia ungeuona mkono ule usingesema ni wa mgonjwa. Aliigandamiza karatasi kwa pini, akachora, akaruka sehemu zilizochakaa akageuza shuka huku na kule mpaka hakuna kipande kilichopotea, akakata mstari mmoja mrefu bila kuinua mkasi hata mara moja. Aliimba kidogo. Akamsimanga mkewe kwa kusimama kwenye mwanga. Mama Pindo alisimama pembeni akitazama shuka baada ya shuka likikatwa kwa mtu mwingine kabisa, mtu mpana aliyekuwa akimbeba begani kwa mzaha siku za ujana wao, na furaha aliyokuwa nayo ya kumwona mumewe kazini ilichanganyika na uchungu.

Alikuwa na mpango wake. Angengoja Fundi alale mchana, aipunguze kwenye kushona kama alivyopunguza zote. Lakini siku ile Fundi hakulala. Usingizi wa nini, wakati kazi iko mezani? Alivuta kiti karibu na cherehani, akakaa akiangalia kila mshono, na kila mara mkewe alipojaribu kuingiza kitambaa ndani zaidi ya mstari, alimgusa kiwiko. "Fuata chaki, mama." Akafuata chaki. Saa tisa bitana ilikuwa tayari.

"Tuijaribu kwanza yenyewe, nje ya mfuko," alisema Fundi. Akaingia kitandani, akajivuta ndani yake mpaka kifuani, akanyoosha miguu.

Bitana ilimzunguka kila upande kama shimo. Alitoa mkono, akafinya kitambaa kilichozidi upande wa kushoto kwa vidole viwili, ile namna ya fundi anapompima mteja. Akafinya kulia. Kila upande alipata kiganja kizima na zaidi. Alifinya tena begani. Pasi ilitoa sauti ndogo ikipoa.

"Nimekosea," alisema.

"Nini?"

"Kukata." Alitoa mikono yote miwili nje, akaitazama mbele na nyuma. "Miaka thelathini na minne sijamharibia mtu kitambaa. Leo nimekata bitana, kazi ya mtu anayejifunza, na nimezidisha kila upande. Mkono umekwisha, Mama Pindo. Sikujua. Nilikuwa najidanganya tu, nasema nikipata nafuu narudi mezani." Akaonyesha kidole upande wa meza. "Ule mkasi mpe mtu."

Akageukia ukutani.

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza hapo. Mama Pindo angesema, ndiyo, mkono ulitetemeka kidogo, si kitu, nitarekebisha. Siri yake ingebaki salama, na mumewe angeendelea kuamini mwili wake. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona ule mgongo uliogeuka, akaelewa kwamba mtu anaweza kunyang'anywa nyama yake akabaki kuwa Fundi Chaki, ila akinyang'anywa mkono hatabaki na kitu. Moyo ulimpasuka vipande viwili, na kila kipande kiliuma.

"Hukukosea," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Umekata sawasawa na karatasi. Mkono wako hauna kosa."

"Basi karatasi ndiyo imekosea?"

"Karatasi haina kosa, Fundi."

Akageuka taratibu, akamtazama. Mama Pindo alikwenda kwenye kamba, akachukua suruali nyingine, ya buluu iliyoiva, akaileta akamwekea kifuani, upande wa nyuma juu. Mifuko miwili ya nyuma, ambayo Fundi mwenyewe aliipanga kwa umbali wa kiganja, ilikuwa inakaribia kugusana. Mkata nguo haelezwi jambo kama hilo. Aliingiza kidole kimoja kati ya mifuko ile, kidole hakikupita. Akaigeuza suruali ndani nje. Akautafuta mshono, akapitisha ukucha juu ya vitundu vya zamani, mstari mmoja, na wa pili, na wa tatu, midomo ikihesabu. Alipofika tisa aliacha.

"Zote?"

"Zote. Na mashati. Na koti."

"Tangu lini?"

"Tangu suruali ilipokuteleza."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Umelala."

Mama Pindo alingoja ghadhabu. Alitamani hata angetukanwa. "Nilitaka ule," alisema, na machozi yakamtoka bila kujizuia. "Nilitaka ule tu, baba. Siku ile uliacha kula. Nisamehe."

Fundi Chaki alikuwa bado anaushika ule mshono, akiupapasa kutoka juu mpaka chini.

"Umeshona kwa mkono," alisema baadaye.

"Kwa mkono."

"Umenyooka. Ningeapa ni wa cherehani." Akaikunja suruali, akaiweka kando. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuyafuta. "Lete futi. Nipime."

"Tutapima kesho, Fundi."

"Mteja amelala hapa anangoja. Nipime."

Akampitishia futi kifuani, chini ya kwapa, kama walivyowapima maelfu ya watu, yeye akisoma na mumewe akiandika. Akaacha ilegee.

"Vuta. Umeweka vidole viwili ndani."

"Thelathini na... sita."

"Mama Pindo."

Akavuta. Alisikia mbavu chini ya futi, moja moja. "Thelathini na mbili," alisema.

Fundi Chaki alichukua karatasi yake, akapiga mstari juu ya arobaini na mbili, akaandika pembeni. Kiuno, ishirini na sita. Akaandika. Bega, nyonga, paja. Kila namba mkewe aliitaja huku analia, na kila namba aliiandika kwa mwandiko wake ule ule wa kulala, bila kuharakisha. Walipomaliza alijitoa kwenye bitana, akaitandaza magotini, akatoa chaki nyuma ya sikio. Alichora mstari mpya kutoka begani mpaka miguuni, umenyooka, mkono haukutetemeka. Akautazama. Kisha akaufuta kwa kidole gumba, akachora mwingine ndani zaidi, inchi mbili.

"Shona hapa," alisema.

"Hapo itakubana. Futi imesema..."

"Najua futi imesema nini. Shona hapa, ili usije ukafumua tena wiki mbili zijazo."

Mama Pindo alimtazama, akitafuta hasira usoni mwake, au mzaha. Havikuwepo. Alikuwa fundi tu aliyemaliza kukata na anangoja mshonaji achukue kazi. Akaichukua bitana mikononi mwake, akakaa kwenye cherehani, akaiweka sindano juu ya mstari wa pili, akashona.